Kwa Shangazi: Rahma halali usiku, na Jumamosi wanataka kumtoa meno

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku. Mkono mmoja umeshika simu, mwingine unambembeleza mtoto. Tunaishi Walukuba, hapa Jinja, chumba kimoja cha kupanga, ule muzigo wetu wa kawaida: kitanda upande huu wa pazia, viti na sigiri upande ule. Nina watoto wawili. Twahir ametimiza miaka mitatu, Rahma ana miezi tisa. Baba yao ni askari wa ulinzi, anaingia kazini saa kumi na mbili jioni na kurudi saa moja asubuhi. Mimi nashona nguo sokoni.

Rahma halali. Sisemi anaamka mara mbili tatu kama watoto wa wenzangu. Jana nilihesabu, mara saba kati ya saa nne usiku na alfajiri. Akiamka hataki kingine ila ziwa. Ananyonya dakika mbili, analala, nikilichomoa tu macho hayo yamefunguka. Naishia kulala ubavu mmoja mpaka mkono unakufa ganzi. Adhana ya alfajiri ikilia ndipo anapozama usingizini, na hapo mimi natakiwa niamke nibandike chai.

Mchana analala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Baba yake akirudi anahitaji kulala, kwa hiyo chumbani hapatakiwi kelele. Dada anayenisaidia humfunga Rahma mgongoni akazunguka naye mtaani. Asubuhi analala kama masaa mawili, halafu tena kuanzia saa nane mchana mpaka narudi saa kumi na mbili jioni. Mimi nafika matiti yamejaa, yeye ndio kwanza anaamka. Twahir naye amejifunza ukaidi, anataka katuni za kwenye simu mpaka saa nne usiku, nikimnyang'anya anapiga kelele hadi majirani wanagonga ukuta.

Kila mtu ana dawa yake. Mama mkwe alinipa chupa ya dawa ya mafua, akasema kijiko kimoja tu, ndivyo alivyowalea wanawe saba. Nilimpa usiku mmoja. Alilala, Shangazi, alilala hata nikaogopa. Nilikesha nimemwekea kidole puani nisikie kama anapumua. Sijarudia. Jirani naye alimfungua mdomo, akaona ufizi umetuna, mweupe, pale panapoota chonge, akasema hayo ni ebiino, ndiyo yanayomnyima usingizi, na kuna mzee ng'ambo ya reli anayeyatoa kwa pesa kidogo. Wamepanga tumpeleke Jumamosi. Mume wangu amekubali. Moyo wangu unasita, lakini nimechoka kiasi kwamba chochote nitakachoambiwa nitafanya.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita, saa nane usiku, nilimweka Rahma kitandani kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Akashtuka, akanyamaza, akanitazama. Nikatoka nje, nikakaa kwenye bomba la maji gizani nikilia, naye analia ndani. Nilikuwa naiogopa mikono yangu mwenyewe. Sokoni nako nilimshonea mteja suruali, mguu wa kulia miwili. Sijijui tena.

Nifanye nini? Na je, nimwachishe ziwa ili alale? Wengi wanasema ziwa ndilo linalomharibu.

Mama Twahir, Walukuba

* * *

Marahaba, mwanangu.

Naanza na Jumamosi kwa sababu iko karibu. Usimpeleke. Mengine yote nitakayoandika unaweza kuyafanya leo au wiki ijayo, lakini hili nakuomba ulishike kama mama anavyokushika mkono unapovuka barabara.

Ule weupe alioona jirani yako ni chonge za Rahma mwenyewe, zimelala ndani ya ufizi zinangoja zamu yao. Chonge huchelewa, kwa kawaida hutoka kati ya mwezi wa 16 na wa 22. Mfungue mdomo mtoto yeyote wa miezi 9 pale mtaani kwenu, anayelala na asiyelala, utaona ufizi umetuna mahali hapo hapo. Baganda huita ebiino, Tanzania wanasema meno ya nailoni, lakini kinachotolewa ni jino changa la mtoto. Hutolewa kwa spoku ya baiskeli au wembe, bila ganzi. Nimekuwa mkunga zaidi ya miaka 30, nimewapokea watoto waliotoka kwenye mikono hiyo: damu haikatiki, ufizi umeoza, sumu imeingia kwenye damu, mwingine pepopunda. Chombo kimoja kikipita vinywani mwa watoto wengi huweza kubeba hata virusi vya Ukimwi. Na wale wanaopona, mbegu ya jino la ukubwani iko chini ya hilo la utotoni, kwa hiyo wengi hukua na pengo au jino lililopinda. Watu huendelea kuamini kwa sababu mtoto mwenye homa au kuhara mara nyingi hupata nafuu baada ya siku chache, na sifa akapewa mzee wa spoku.

Mpe mume wako aya hiyo aisome mwenyewe. Kama bado ana wasiwasi, nendeni wote wawili kituo cha afya mkamwonyeshe mhudumu huo ufizi.

Sasa ile chupa. Umefanya vizuri kutorudia, na woga wako ulikuwa wa haki. Dawa nyingi za mafua na kikohozi zinazoleta usingizi zina viambato vinavyopunguza nguvu ya mtoto ya kupumua na ya kuzinduka pumzi inapokwama. Kuna moja, promethazini, ambayo inauzwa madukani kwetu kama pipi. Tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kuliko yote kwamba isipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu kuna watoto waliacha kupumua. Mama mkwe hakukutakia mabaya, amekupa kile alichopewa yeye. Mwambie kwa heshima kwamba daktari amekataza, chupa umeirudisha, na kwamba unaomba msaada mwingine kwake. Nitakuambia upi.

Na lile la bombani. Mwanangu, ulipotoka nje ukakaa gizani ulimlinda mtoto wako. Mtoto aliyelazwa mahali salama akilia dakika kumi peke yake hapati dhara. Mtoto aliyetikiswa kwa hasira anaweza kuvuja damu kwenye ubongo, akafa au akapofuka, na hilo hutokea kwa sekunde chache kwenye mikono ya watu wema waliochoka. Mikono ikianza kukuogopesha tena fanya vilevile: mlaze chali, toka, nawa uso, mgongee hata huyo jirani wa ebiino umwambie akushikie mtoto. Usione haya. Nami nitarudi kwenye hali yako kabla sijamaliza.

Nimeisoma barua yako mara tatu na naona usiku wa Rahma unaharibikia mchana. Tufanye hesabu pamoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji kulala masaa 12 hadi 16 kwa siku nzima, mchana na usiku pamoja. Tuseme Rahma anahitaji 14. Asubuhi amelala 2, alasiri 4, jumla 6. Yamebaki 8. Anza kuyahesabu kuanzia saa nne usiku, unafika saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo unapomlazimisha kulala saa mbili usiku, hana usingizi wa kutosha ndani yake, ameumaliza mgongoni kwa dada.

Maziwa nayo yamehama. Unaondoka asubuhi, unarudi saa kumi na mbili matiti yamejaa, maana yake Rahma hakunyonya mchana kutwa. Mtoto hajui kwamba soko limekuweka, anachojua ni kwamba mama hupatikana usiku, basi usiku ndio anakula. Hii huwatokea watoto wengi wa kina mama wanaofanya kazi, na sijaona ukaidi wowote ndani yake. Ana njaa, na amekukumbuka.

La tatu ni namna anavyoingia usingizini. Binadamu wote huzinduka usiku. Mimi na wewe tunageuka upande, tunavuta shuka, asubuhi hatukumbuki. Mtoto huzinduka mara nyingi zaidi, kila baada ya saa moja hivi usingizi wake hupanda karibu na uso wa maji. Rahma alilala ziwa likiwa mdomoni, akizinduka halipo, anauliza limekwenda wapi. Hajui njia nyingine ya kurudi.

Basi tuanze mchana. Alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, mnyonyeshe ashibe, titi zote mbili, bila haraka. Kisha dada amtoe nje kwenye jua la saa moja asubuhi. Mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili wake kwamba siku imeanza, na giza la jioni litamwambia imekwisha. Alale asubuhi kuanzia kama saa tatu, kwa muda wa saa moja au moja na nusu. Alale tena kuanzia saa saba mchana. Ikifika saa tisa na nusu, hata kama amelala fofofo, amshwe polepole, na asilale tena mpaka usiku. Dada yako usimgombeze. Aliambiwa nyumbani pasiwe na kelele, na mgongoni ndipo mahali pekee alipoweza kumnyamazisha. Mwambie tu kwamba kazi imebadilika: kuanzia saa kumi Rahma ashuke mgongoni, atandikiwe mkeka kivulini, atambae, ashike sufuria na vijiko, achafuke. Mtoto wa miezi 9 anayebebwa siku nzima hajachoka, amechoka aliyembeba. Na wakati wa kulala mchana anaweza kulazwa humo humo chumbani alimolala baba yake, mtoto aliyelala hana kelele.

Kuhusu maziwa, Walukuba na soko si mbali sana. Kama inawezekana, dada amlete saa sita unyonyeshe robo saa nyuma ya cherehani. Haiwezekani kila siku, najua, wateja hawangoji. Siku hizo kamua asubuhi kwenye kikombe kilichochemshwa, kifunikwe, kiwekwe mahali pa ubaridi, maziwa ya mama hukaa salama kama masaa 4. Anywe kwa kikombe, chupa za kunyonyea ni ngumu kusafisha na huleta kuhara. Na chakula: kwa umri wake anahitaji kula mara 3 au 4 kwa siku pamoja na ziwa. Uji mwepesi wa mahindi ukimjaza maji tumboni usiku atakudai. Tia unga wa mukene, wale dagaa wetu, kwenye uji, ponda ovakedo, yai, maharage yaliyochujwa, boga, ndizi ya kupika na karanga. Mukene na maharage vina madini ya chuma, na mtoto mwenye upungufu wa damu hulala kwa kuhangaika, anajirusharusha usiku kucha. Jicho la mama humkamata mapema: viganja vyake vikipauka mpeleke wampime damu.

Jioni sasa. Sisi tunaoishi kwenye ikweta tumepewa zawadi ambayo watu wa Ulaya hawana, jua letu huzama karibu na saa moja kila siku ya mwaka. Tumia giza hilo. Ukirudi saa kumi na mbili, kaa chini umnyonyeshe kwanza, kabla ya sufuria. Baada ya kula, muogeshe kwa maji ya vuguvugu. Kama bibi yake anapenda kumtengenezea kyogero, ni sawa, majani kwenye maji ya kuogea hayamdhuru ilmradi hayanywi, na mikono ya bibi inampumzisha zaidi ya majani. Huo ndio msaada wa kumwomba mama mkwe: aje jioni tatu kwa wiki amwogeshe mjukuu wake. Halafu nguo nyepesi, halafu ziwa la mwisho, na hapa sikiliza vizuri: ziwa hilo limalizike taa ikiwa bado inawaka na macho yake yakiwa bado wazi. Mwimbie. Wimbo uleule kila siku. Zima taa. Mlaze akiwa anasinzia ila hajalala.

Atalia. Usimwache peke yake alie mpaka anyamaze, kwenye muzigo wenye ukuta mwembamba hilo haliwezekani na sidhani unalitaka. Kaa chini kando yake. Weka kiganja kifuani kwake, mguse, msemeshe kwa sauti ya chini, usimwinue ila akizidiwa kabisa. Ukimwinua mtulize, kisha mrudishe kabla hajalala begani. Siku tatu nne za kwanza zitakuwa ngumu, pengine nusu saa ya kilio au zaidi. Waambie majirani mapema, uwaombe radhi, watakuelewa kuliko unavyodhani. Kisha kila baada ya usiku mbili au tatu punguza: mkono uguse kidogo tu, kisha ukae karibu bila kugusa, kisha ukae kwenye kiti upande wa pili wa pazia. Wapo wanaosema kufundisha hivi humvunja mtoto moyo. Watafiti wa Australia walifuatilia watoto 326 waliokuwa na shida kama ya Rahma wakiwa na miezi 7. Mama za baadhi yao walifundishwa njia hii ya kukaa kando au nyingine inayofanana nayo. Walipotimiza miaka 6 wakapimwa tabia, usingizi na mapenzi yao na wazazi. Matokeo yalitoka 2012: hawakuonekana kuwa na dhara lolote wakilinganishwa na wengine.

Usiku mpangie maziwa mawili tu. Moja saa tano au sita, jingine karibu na saa kumi. Akiamka katikati, kiganja na wimbo. Taa isiwashwe, simu isiwashwe, nepi isibadilishwe kama hajajisaidia haja kubwa. Tochi ndogo iliyoelekezwa sakafuni inatosha, na yuniti za Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, utaokoa.

Niseme kuhusu kitanda, maana umenitajia mambo mawili yaliyonishtua. Kwanza sigiri iko ndani. Isilale humo, hata ikionekana imezimika, hata mvua ikinyesha. Makaa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua familia nzima usingizini, na pazia liko hatua moja tu. Pili, sijui kitandani mnalala wangapi, lakini Rahma asilale ubavuni kwa Twahir. Mtoto wa miaka 3 hugeuka kama gogo na hajui amemlalia nani. Kikipatikana kigodoro kigumu kidogo, kiwekwe chini karibu na upande wako, chenye neti yake, pembe zimechomekwa chini ya godoro. Alale chali, bila mto, bila blanketi zito. Kikikosekana, akae upande wako mbali na Twahir, godoro lisiwe la kubonyea, na usiku ambao mtu mzima yeyote kitandani amekunywa pombe au dawa ya kulevya, mtoto asiwe hapo. Na kuliko kumnyonyesha umekaa kwenye kochi huku unasinzia, ni heri umnyonyeshe umelala kitandani. Kwenye kochi mtoto hudidimia pembeni akakosa pumzi.

Twahir ni mwepesi. Simu ifichwe saa moja jioni, na siri ni kwamba na wewe usiishike mbele yake. Mwanga wake unauchelewesha usingizi, na katuni zenyewe zinamwasha. Pili, ichunguze chai. Nyumba nyingi kwetu mtoto hupewa chai ya majani ya jioni na mkate, na majani ya chai yana kafeini. Mpe uji au maziwa. Kisha mpe kazi: yeye ndiye mwenye kuleta leso ya Rahma, yeye ndiye mwenye kuzima taa. Ukishamlaza mdogo, dakika kumi ziwe zake peke yake, paukwa pakawa gizani, hadithi moja, akikuomba ya pili mwambie ya kesho. Watoto wa umri wake wanahitaji masaa 10 hadi 13, kwa hiyo saa mbili usiku ni saa yake pia.

Halafu wewe. Usingizi mzito wa mtoto uko mwanzoni mwa usiku, masaa mawili matatu ya kwanza. Na wewe wakati huo unafanya nini? Unaosha vyombo, unafua nepi, unapiga pasi. Kisha unaingia kitandani saa nne, na yeye ndipo anapoanza kuzinduka. Kwa wiki tatu, nakuomba, watoto wakilala saa mbili na wewe ulale saa mbili na nusu. Vyombo vingoje asubuhi, au dada avioshe. Masaa matatu ya mfululizo yatakurudishia akili kuliko masaa saba ya vipande.

Baba Twahir, najua barua hii utaisoma, nimemwambia akupe. Kazi ya kukesha getini naijua, na usingizi wa mchana haushibishi. Sheria ya Ajira ya 2006 ilikupa siku 4 za likizo Rahma alipozaliwa, na siku 4 hazitoshi mtu kumzoea mtoto wake. Basi nakuomba vitu viwili. Ukirudi saa moja asubuhi, kabla ya kulala, mchukue Rahma nje kwenye lile jua kwa saa moja, mama yake alale hapo ulipomkuta. Na usiku wako wa mapumziko uwe wa kwako na binti yako mpaka saa sita. Wewe ndiye umlaze. Wewe huna harufu ya maziwa, kwa hiyo hatadai, na wababa wengi hushangaa jinsi mtoto anavyokubali haraka kiganja chao kizito.

Kuna dalili ambazo ukiziona, ratiba hii iweke kando umpeleke hospitali. Homa: apimwe malaria siku hiyohiyo au kesho yake, VHT wenu, yule mhudumu wa afya wa kijiji, anaweza kuwa na kipimo nyumbani kwake. Na uangalie kadi yake ya kliniki, Uganda ilianza kutoa chanjo ya malaria Aprili 2025, dozi ni za miezi 6, 7, 8 na 18, kama amezikosa uliza. Kukoroma kila usiku, au pumzi kusimama kisha akashtuka. Kuvuta sikio huku ana homa. Uzito usiopanda. Na kilio cha maumivu kinachokuja na kuvimba kwa vidole, mikono au miguu, hiyo inaweza kuwa selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, na huanza kujionyesha karibu na umri huu wake. Hapa Uganda karibu watoto 13 kati ya 100 wamebeba chembe yake bila kujijua, ndiyo maana sipendi mtoto anayelia sana aitwe mkaidi kabla hajapimwa.

Sijasahau kwamba umesema hujijui tena. Ukilala wiki mbili na nafsi ikarudi, ilikuwa uchovu. Ukilala na bado moyo ni mzito, chakula hakipiti, unamtazama Rahma huhisi kitu, au unawaza kujidhuru au kumdhuru, huo ni ugonjwa unaowapata wanawake wengi baada ya kuzaa na una matibabu. Mwambie mkunga wa kituo kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, la bombani pia. Mawazo ya kudhuru hayangoji wiki mbili, yakija nenda siku hiyohiyo, na mtu akusindikize.

Ziwa usimwachishe. Ni chakula chake na kinga yake, na inashauriwa anyonye mpaka miaka 2 na zaidi. Ukilikata leo ataendelea kuamka, na wewe hutakuwa na cha kumpa saa sita usiku isipokuwa kuamka ukawashe sigiri. Tumelihamisha tu, lirudi mchana lilikotoka. Anza kesho asubuhi, titi zote mbili kabla ya kwenda sokoni. Baada ya wiki mbili niandikie, uniambie anaamka mara ngapi na Jumamosi mlikwenda wapi.